Nge Chini ya Mkeka

Kila Jumamosi asubuhi Salha alifagia ua. Alianzia mlango wa jikoni, akapita mbele ya banda la kuku, akamalizia getini, na kila alipogeuka nyuma alikuta upepo umekwisha kuurudisha uchafu mahali pake. Wakazi wa Chang'ombe, mjini Dodoma, wamelizoea jambo hilo. Kwao vumbi halisubiri kualikwa. Ndiyo maana wageni wanapotarajiwa, ua hunyunyiziwa maji kidogo ili ardhi itulie, kisha ndipo mikeka hutandikwa.

Jumamosi hiyo wageni walikuwa wengi. Ilikuwa siku ya akika ya mdogo wake Salha, siku ya kumnyoa mtoto nywele za kuzaliwa, kumpa jina na kumwombea dua. Mbuzi alikuwa amechinjwa tangu alfajiri. Harufu ya pilau ilikuwa imevuka ukuta na kuwatangazia majirani habari zote. Kwenye upande wa mbali wa ua lilifungwa turubai, na chini yake ndipo mama angeketi na mtoto, pamoja na Bibi Jaha, mama yake baba, na wanawake wengine. Wote wangeketi kwenye mikeka, miguu mitupu, viatu vikiachwa pembeni kama ilivyo adabu.

Kilichokosekana ni umeme. Spika ya kupigia kaswida na taa ya chini ya turubai vilihitaji waya mrefu kutoka soketi ya sebuleni. Waya uliokuwepo nyumbani uliishia katikati ya ua. Baba yake Salha, Mzee Abdulswamadu, alikuwa amemwomba fundi Frida wa Miyuji alete waya wa kutosha. Kabla ya kwenda sokoni alisimama mlangoni akasema, "Umeme asiuguse mtu. Frida atakuja."

Frida hakuja. Jua lilipanda, akawa hajaja. Shangazi yake Salha, aliyesimamia mapishi, alitoka jikoni na mwiko mkononi, akaangalia getini, akarudi. Akatoka tena. "Jamani, huyu fundi yuko wapi? Tutasoma dua kimya kimya kama tunamficha mtoto?"

Salha alimsikia, na mikono ikaanza kumwasha. Alikuwa darasa la saba, na wiki chache zilizopita kwenye somo la sayansi alikuwa ameunganisha betri za tochi, nyaya na kibalbu kidogo. Kibalbu kiliwaka kabla ya vibalbu vya wengine. Darasa zima lilimpigia makofi, na tangu siku hiyo wenzake wakamwita Fundi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nasi tunajua yanakoishia mambo ya namna hiyo. Ila Salha hakujua, au alijua akajifanya hajui.

Nyuma ya jiko kulikuwa na kipande kirefu cha waya wa zamani, chenye soketi upande mmoja. Salha akakichukua. Alichomoa plagi ya ule waya mfupi, jambo jema pekee alilolifanya asubuhi hiyo, kisha akaukata upande wa pili na kuumenya kwa kisu cha vitunguu. Ndani mlikuwa na nyaya tatu: wa kahawia, wa bluu, na mmoja wenye rangi ya kijani na njano. Waya wa zamani ulikuwa na mbili tu. Akasokota mbili kwa mbili, nyuzi za shaba zikikumbatiana kama nywele zilizosukwa ovyo. Ule wa tatu ulibaki bila mwenzake.

"Huu basi hauna kazi," akajiambia, akaukata.

Kiungo hicho alikizungushia mfuko wa mkate, kisha akakifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, ule unaofungia mizigo. Akachomeka plagi na kuwasha. Taa ya chini ya turubai ikawaka! Spika ikakohoa, kisha kaswida ikajaa uani. Shangazi akapiga vigelegele kutoka jikoni.

"Alhamdulillahi! Kumbe Frida kaja? Mbona sikumwona?"

Ulikuwa wakati mzuri wa kusema kweli, nao ukapita. "Kaja, shangazi," Salha akajibu. "Alikuwa na haraka. Kamaliza, kaondoka."

"Hata chai hakunywa! Basi ngoja nimpigie baba yako asihangaike." Akapiga simu papo hapo. Salha alimsikia akisema, "Ndiyo, kaka, fundi ameshakuja, mambo yote tayari."

Shangazi alipokata simu aliutazama waya uliolala katikati ya ua. "Huu utawaangusha watu. Hebu ufiche."

Salha akachimba kifereji chembamba kwa jembe dogo, akaulaza waya, akaufunika kwa mchanga. Kiungo chake kilikuwa mahali pabaya kuliko pote, hatua chache kutoka mkeka wa mama. Akakanyaga mchanga ukawa sawa. Ukitazama usingejua kuna kitu.

Upepo ukazidi. Vumbi likanyanyuka na kutua kwenye sinia la matunda, na shangazi akapaza sauti, "Bushiri! Nyunyiza maji uani kabla wageni hawajafika!"

Bushiri alikuwa kaka yake Salha, kijana wa sekondari aliyekabidhiwa spika na kujiona mkuu wa sherehe. Alichukua ndoo na kopo, akaanza kurusha maji kwa madaha. Salha alisimama kama aliyepigwa kofi. Maji! Hakuwa ameyafikiria maji hata kidogo.

"Kaka, pale katikati usinyunyize!"

"Kwa nini?"

"Patakuwa na tope."

"Tope Dodoma?" Bushiri akacheka. "Wewe umewahi kuona tope hapa mwezi huu?" Akarusha kopo zima palepale.

Tangu hapo Salha hakukaa. Aliingia sebuleni, akazima swichi. Kaswida ikanyamaza. "Nani kazima?" Bushiri akafoka, akaja kuwasha. Salha akatoka hadi getini, akarudi, akaingia tena ndani, akazima tena. Bushiri akaja tena. "Salha, una nini leo? Ukigusa tena swichi hii nakusemea!" Salha alikwenda jikoni akiwa amejiandaa kusema. "Shangazi, kuna jambo..." Shangazi hata hakugeuka. "Baadaye, mwanangu, wali utaungua. Peleka hizi sahani." Akapeleka sahani. Alipofika karibu na pale mahali alizunguka kwa mbali.

Labda hakuna kitu, alijiambia. Labda mfuko wa mkate unatosha. Labda maji hayakufika chini. Kila "labda" ilimpa nafuu kwa dakika moja tu, kisha hofu ikarudi na nguvu zaidi. Kusema kweli sasa kungekuwa aibu mara mbili: aibu ya waya na aibu ya uongo. Wageni walianza kuingia kwa hodi na salamu, wanawake wakavua viatu na kuketi, na kutoka chumbani ikasikika sauti ya Bibi Jaha akimhimiza mama: "Haya mwanangu, mfunike mtoto vizuri, tutoke."

Kabla hawajatoka, Yahaya alipita mbio.

Yahaya alikuwa mtoto wa shangazi, wa miaka minne, asiyejua kutembea ikiwa kukimbia kunawezekana. Alikuwa akimfukuza kifaranga, miguu mitupu, imelowa maji. Alikanyaga pale mchanga ulipokuwa na unyevu, akaruka kama aliyerushwa na mtu, akaanguka pembeni akilia kwa sauti kubwa.

"Mguu! Kimeniuma! Kimeniuma!"

"Nge!" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Nge kamuuma mtoto!"

Hakuna aliyeshangaa. Nge wa Dodoma hupenda kujificha kwenye mawe na mchanga, na kila familia ina habari ya mtu aliyewahi kuumwa. Wanawake wakainuka, wakavuta mikeka, wakaitana majina ya watoto wao. Shangazi akaja mbio, akambeba Yahaya, na Bibi Jaha akatoka chumbani akaushika ule mguu mdogo na kuugeuza huku na huku.

Salha alikuwa amesimama mlangoni mwa sebule. Aliomba kwa moyo wote awe nge kweli. Ni aibu kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa. Alitaka mdudu apatikane ili mwenye kosa awe mdudu.

"Sioni alama," Bibi Jaha akasema polepole. "Nge akiuma huacha alama. Huyu hana hata doa."

"Alama itatokea baadaye, bibi," Bushiri akasema. "Kwanza tumtoe kabla mama hajaketi hapa. Yuko chini ya mchanga huu huu, nimeuona umefukuliwa." Akakimbia nyuma ya jiko, akarudi na kipande cha nondo, chuma kitupu kirefu kama mkono. Alikuwa amevua viatu kama wageni wote. Akasimama kwenye ule unyevu, akainua nondo kwa mikono miwili.

Salha hakuwaza tena aibu. Aligeuka, akaruka kiti, akaifikia soketi, akazima swichi na kuchomoa plagi kwa mkupuo mmoja. Kaswida ikakatika. Akarudi mlangoni na plagi mkononi.

"Kaka, usichome! Si nge! Ni waya wangu!"

Ua mzima ukamgeukia. Nondo ilibaki hewani. Shangazi akasema, "Waya wako? Si waya wa Frida?"

"Frida hakuja." Sasa maneno yalikuwa yamepata njia, yakatoka yote. "Nimeuunga mimi. Nimeufunga kwa mfuko wa mkate nikaufukia hapo. Maji yameingia. Yahaya kapigwa na umeme. Nilidanganya, shangazi. Nilimdanganya na baba."

Bushiri akaitazama nondo, akautazama mchanga wenye unyevu, akaiweka chini taratibu. Kilio cha Yahaya tu ndicho kilichosikika, nacho Salha alikisikia kama kinamwita jina.

Wakati huohuo geti likafunguliwa kwa kishindo. Mzee Abdulswamadu aliingia akihema, na nyuma yake fundi Frida, begi la vifaa begani na waya mrefu mkononi.

"Nimempigia Frida kumshukuru," baba akasema kwa sauti nzito, "ananiambia ndiyo kwanza anafunga kazi huko Miyuji. Sasa nauliza, ni nani aliyewasha taa humu?"

"Ni mimi, baba," Salha akasema.

"Ameshatuambia mwenyewe," Bibi Jaha akaongeza. "Yahaya kapigwa na umeme. Kwanza mtoto, maneno baadaye."

Frida alimtazama Yahaya kwa makini. "Analia kwa nguvu na anasogeza mguu, hiyo ni dalili njema. Lakini aliyepigwa na umeme lazima aonwe na daktari hata akionekana mzima. Nendeni zahanati sasa hivi."

Baba na shangazi wakaondoka na mtoto. Akika ikasubiri. Mama alikuwa ameshika mlango wa chumba akiwa na kichanga. Alimtazama Salha, kisha akautazama mkeka wake mpya. Mtazamo huo ulimuumiza Salha kuliko bakora.

Frida aliingia ndani, akazima umeme wa nyumba nzima, akarudi. Ndipo akafukua mchanga. Alipokitoa kile kiungo, wanawake walisogea kutazama. Mfuko wa mkate ulikuwa umeyeyuka upande mmoja, na nyuzi za shaba zilikuwa nje, nyeusi, zikidondosha maji.

"Salha, njoo," akasema. "Ulijifunzia wapi kuunga hivi?"

"Shikamoo, fundi," Salha akasema kwanza, kwa maana alikuwa hajaamkia. "Shuleni. Kwa betri za tochi."

"Marahaba. Mwalimu wako alikufundisha vizuri. Betri ya tochi hata ukiishika kwa mkono mtupu haikufanyi kitu. Umeme wa ukutani unaua. Mambo haya mawili usiyachanganye tena."

Bushiri akauliza, "Je, angeufunga kwa tepu nyeusi ya umeme?"

"Ungekuwa hivi hivi, ila wenye kupendeza," Frida akajibu, na mwanamke mmoja akacheka kidogo. "Tepu haishiki waya. Waya uliosokotwa ukivutwa hulegea, ukilegea hupata moto, na hapo nyumba huungua. Waya wa kupeleka umeme uani ni ule usiokatwa popote, kama huu niliouleta. Na haufukiwi mchangani. Unapitishwa juu, pakavu, mahali pasipokanyagwa."

"Na ikiwa lazima kuunga?"

Frida akatoa kwenye begi kitu kidogo cha plastiki chenye matundu na skurubu. "Umeme unazimwa kwanza, na unapimwa kuhakikisha umezimika. Kisha waya unaingia humu, unabanwa kwa skurubu, shaba isionekane nje hata kidogo. Hii nayo inakaa ndani ya boksi lenye mfuniko, ukutani. Na kazi hiyo ni ya fundi." Akaushika ule waya wa kijani na njano uliokatwa. "Huu uliutupa kwa nini?"

"Niliona taa inawaka bila huo."

"Taa itawaka bila huo miaka yote. Kazi yake ni siku ya hatari. Pasi au jokofu likipata hitilafu, huu ndio unaouchukua umeme kuupeleka ardhini usipite mwilini mwako. Uliyemtupa ndiye mlinzi."

Salha akainamisha kichwa. Frida hakumgombeza zaidi. Alimpa ngazi aishike wakati anaupitisha waya mpya juu ya mlango na kwenye nguzo za turubai. Alipomaliza aliahidi kurudi kuweka kifaa kinachokata umeme chenyewe unapovuja, maana nyumba ile ya zamani haikuwa nacho. Kazi ilikwisha, taa ikawaka. Lakini Salha hakuitazama. Aliendelea kutazama getini.

Walirudi alasiri. Yahaya alikuwa juu ya mabega ya baba yake Salha, biskuti mkononi. Daktari alikuwa amemsikiliza moyo na kumweka pale kwa muda, akasema hana tatizo ila aangaliwe usiku. Shangazi akaketi chini kwa uchovu, na Salha akaenda kupiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, shangazi."

Shangazi akamshika mikono. "Nimekusamehe," akasema, machozi yakimlengalenga. "Lakini nimeogopa, Salha. Usiniogopeshe hivyo tena."

Baba naye akasema, mbele ya wageni, bila kupaza sauti, "Nilisema umeme asiuguse mtu. Ukakosea kwa kuugusa, na kosa hilo lingerekebishwa kwa neno moja tu ulipoulizwa. Uongo ndio uliolifukia kosa chini ya miguu ya watu. Taa kuwaka haina maana kwamba iko salama. Na mtu kusifiwa haina maana kwamba anajua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, baba."

Dua ikasomwa, mtoto akanyolewa na kupewa jina, pilau likaliwa. Yahaya alizunguka kutoka mkeka hadi mkeka akiwaonyesha watu mguu na kuwasimulia habari za nge aliyemuuma. Kila aliposimulia, nge alizidi kuwa mkubwa.

Bibi Jaha akamvuta Salha sikio kidogo. "Watu wazima umewaambia. Huyu bado. Aliyeumia ni yeye."

Salha akaenda kuchuchumaa mbele ya Yahaya. Ilikuwa vigumu kuliko kusema mbele ya ua mzima. "Yahaya, hakukuwa na nge. Ni mimi nilifanya vibaya kwenye waya, ukakuumiza. Nisamehe."

Yahaya akaacha kutafuna. Akamtazama kwa macho makubwa. "Kumbe nge ni wewe, dada Salha?"

Watu wakaangua kicheko. Salha hakuweza kucheka. Machozi yalimtoka, na Bibi Jaha akamvuta akamketisha kando yake kwenye mkeka.

"Usilie," akamwambia. "Nge akiuma hukimbia akajificha. Wewe ulitoka mbele za watu ukasema, na kaka yako leo anakula pilau kwa sababu hiyo." Akamfuta machozi kwa ncha ya khanga. "Ila siku nyingine, mjukuu wangu, toka mapema. Usisubiri mpaka mtoto alie."